Kabla ya kuipinga sanamu, uliza fungu la sabuni

Chukua bamba la chuma lenye urefu wa mita 36.5, kimo cha mita 3.66 na unene wa sentimita 6.35. Zidisha, utapata mita za ujazo 8.5 hivi. Mita moja ya ujazo ya chuma ina uzito wa tani 7.85, kwa hiyo mbele yako kuna tani 66 na ushei. Lipinde kidogo, liinamishe kidogo, kisha ulisimamishe katikati ya uwanja ambao watumishi wa serikali huukata kila asubuhi wakiingia kazini. Hiyo ndiyo Tilted Arc, sanamu ya msanii Richard Serra, iliyosimamishwa mwaka 1981 katika Federal Plaza, Manhattan, kwa dola 175,000 za mlipa kodi wa Marekani. Usiku wa tarehe 15 Machi 1989 mafundi waliikata vipande vitatu wakaipakia kwenye malori.

Naanza mbali hivyo kwa makusudi. Kesi ile ilisikizwa hadharani, ikafika mahakamani, ikaandikwa kila kipengele, na karibu kila kosa lililofanyika pale linafanyika huku kwetu, ila sisi tunalifanya kwa faiba (nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa resini) na zege. Ubishi juu ya sanamu inayolipiwa na kodi huanza siku kitambaa kinapovutwa. Siku hiyo mahali pamekwisha kuchaguliwa, mkataba umekwisha kutiwa sahihi, na zege limekwisha kukauka. Kilichobaki cha kubishania ni pua. Na pua ndiyo shida ndogo kuliko zote.

Pesa zenyewe

Hoja ya kwanza huwa ni dawa na wauguzi. Ni hoja yenye huruma, lakini mara nyingi inabisha mlango usio wake. Dola za Serra hazikutoka kwenye mfuko wa afya. GSA, idara inayosimamia majengo ya serikali kuu ya Marekani, ilikuwa na utaratibu wa kutenga nusu ya asilimia moja ya gharama ya ujenzi kwa ajili ya sanaa ya jengo husika. Jengo lisipojengwa, sanaa haipo. Philadelphia lilikuwa jiji la kwanza nchini humo kuifanya asilimia kama hiyo kuwa sheria, mwaka 1959, nalo liliweka asilimia moja nzima. Ufaransa ilikuwa imetangulia mwaka 1951, ikianzia kwenye majengo ya shule. Jiji la New York likafuata mwaka 1982.

Katika kaunti za Kenya sanamu huingia kwa mlango mwingine: ni mradi wa maendeleo, aghalabu imefunikwa ndani ya mstari wa bajeti unaosema "kupendezesha mji". Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 inataka angalau asilimia 30 ya bajeti ya kaunti iende kwenye maendeleo. Mshahara wa muuguzi si maendeleo. Unatoka kwenye fungu la matumizi ya kawaida. Kwa hiyo ukisimama kikaoni ukasema sanamu ingelipa wauguzi, afisa wa fedha atakujibu kwa upole na utakaa chini. Ukisema ingejenga choo cha soko au ingeweka taa stendi ya matatu, hapo umemshika, kwa sababu choo, taa na sanamu vinakula sahani moja.

Mgawanyo huohuo wa mafungu unaeleza jambo jingine ambalo watu hulilaumu kwa uvivu wa wafanyakazi wa jiji. Sanamu hujengwa kwa fungu la maendeleo, lakini kuoshwa kwake ni matumizi ya kawaida. Kujenga kuna sherehe, kibao chenye jina la mheshimiwa na kamera. Kuosha kunapigania shilingi na mafuta ya ambulensi, na kunashindwa kila mwaka. Ndiyo maana nasema uliza fungu la sabuni kabla ya kuuliza kitu kingine chochote. Fungu lisipokuwepo kwa maandishi, unanunua kitu kitakachokuwa aibu baada ya miaka mitano hata kama siku ya kwanza kinapendeza.

Tazama pia jinsi pesa zinavyogawanywa ndani ya mradi wenyewe. Tuseme soko jipya linagharimu shilingi milioni 400 na asilimia moja imetengwa kwa sanaa. Hiyo ni milioni 4. Ujira wa msanii kwa desturi ni asilimia 15 hadi 20, tuseme laki saba. Asilimia 10, yaani laki nne, inawekwa kando kwa dharura, kwa maana kreni haiji siku uliyoiita. Msingi, mhandisi wa kupitisha hesabu za msingi, usafiri, kreni, taa na kibao vikila laki saba nyingine, imebaki milioni 2.2 ya kutengeneza kitu chenyewe. Ukiona bajeti yenye mstari mmoja tu ulioandikwa "sanamu, milioni 4", jua kwamba msingi utatoka kwenye pesa hizohizo bila kuandikwa, na fundi ataufidia kwenye unene wa faiba.

Mahali

Malalamiko ya Federal Plaza hayakuwa hasa juu ya sura. Watu walizoea kuukata uwanja moja kwa moja. Sasa walilazimika kuuzunguka ukuta. Mchana hapakuwa na pa kukaa na chakula chako. Jaji Edward Re, aliyekuwa na ofisi pale, alianza kuandika barua mapema, na watumishi 1,300 wakatia sahihi ombi la kuiondoa. Baadaye hata mtu wa usalama alitoa hoja kwamba bomu likilipuka, ukuta ule ungeelekeza nguvu ya mlipuko kwenye jengo.

Machi 1985 ukafanyika usikilizwaji wa siku tatu. Watu 180 walizungumza: 122 walitaka ibaki, 58 walitaka iondoke. Jopo la watu watano likapiga kura nne kwa moja iondoke. Mwenyekiti wa jopo, William Diamond, ndiye aliyekuwa mkuu wa GSA wa eneo hilo na msimamo wake ulijulikana kabla kikao hakijaanza. Ukisoma hesabu hiyo unaweza kudhani demokrasia iliporwa, na watetezi wa Serra husema hivyo mpaka leo. Mimi siko huko kabisa. Waliojaa ukumbini wengi walikuwa wasanii, wahakiki na watu wa makumbusho. Karani wa ghorofa ya kumi anayekerwa na ukuta kila siku hawezi kuacha kazi kwenda kupanga foleni ya maikrofoni. Kuhesabu wazungumzaji si kupima maoni ya watumiaji. Kikao chochote cha kukusanya maoni kinachofanyika Jumanne saa nne asubuhi kwenye ukumbi wa jiji kinakupa maoni ya watu wasio na kazi Jumanne saa nne asubuhi.

Serra alikwenda mahakamani mwaka 1986 akashindwa, akakata rufaa akashindwa tena mwaka 1988. Alidai alikuwa amehakikishiwa kwamba kazi ile ni ya kudumu, na kwamba ilibuniwa kwa uwanja ule tu, hivyo kuihamisha ni kuiua. Mkataba, hata hivyo, uliifanya mali ya serikali, na mahakama ikashika mkataba. Mwaka 1990 Marekani ilipitisha sheria ya kulinda haki za wasanii wa sanaa za kuonwa, ikiwa imechelewa kwake.

Kilichokosekana pale ni jaribio la siku chache lisilogharimu hata asilimia moja ya mradi. Kabla ya kumwaga zege, simamisha umbo la sanamu kwa ukubwa wake kamili kwa mabomba ya jukwaa na turubai, au hata kwa miti na magunia. Liache wiki mbili, ziwemo siku ya soko na siku ya mvua. Kisha angalia mambo machache. Njia za miguu kwenye nyasi zimehamia wapi? Wachuuzi wamesogea upande gani, na nani amewafukuza? Usiku kivuli kiko wapi, na nani anasimama ndani yake? Je, dereva anayetoka barabara ndogo bado anamwona mwenda kwa miguu? Turubai litapigwa mawe na kuchekwa, sawa. Kicheko cha wiki mbili ni nafuu kuliko kreni.

Chini ya ardhi nako kuchunguzwe. Katikati ya miji yetu ramani za mabomba ya maji taka ni za zamani au hazipo, na nyaya za umeme na za intaneti zimepitishwa juujuu. Chimba mashimo manne ya majaribio kwa mkono, kina cha mita moja na nusu, kwenye pembe za msingi. Ukilikuta bomba baada ya kusaini, msingi utasogezwa "kidogo tu", na huko kidogo ndiko sanamu inakoishia kuitazama paa la kibanda cha M-Pesa.

Raundabauti ni mahali papendwapo na wanasiasa na ni pabaya. Hakuna kivuko cha kufika katikati, kwa hiyo kibao hakisomwi na mtu. Anayetaka picha anakimbia kati ya magari. Aliyelewa saa tisa usiku anaupanda ukingo na kukutana na mita za ujazo tatu za zege. Linganisha na Dedan Kimathi wa Nairobi: sanamu ya bronzi, yaani shaba iliyochanganywa na bati, ya msanii Kevin Oduor, iliyozinduliwa tarehe 18 Februari 2007, miaka 50 kamili tangu anyongwe, penye njia panda ya Kimathi Street na Mama Ngina Street. Unaipita kwa miguu, unaizunguka, unakutana na mtu hapo. Inafanya kazi ya sanamu na ya alama ya mahali kwa pamoja, na sehemu kubwa ya sifa hizo ni za pembe ya barabara.

Grand Rapids, Michigan, ni kesi ninayoipenda kwa upande wa pili. Mwaka 1969 msanii Alexander Calder alisimamisha pale La Grande Vitesse, chuma chekundu chenye kimo cha mita 13 hivi. Ilikuwa kazi ya kwanza ya mpango wa serikali kuu wa kusaidia sanaa ya viwanjani: dola 45,000 zilitoka Washington, zilizobaki zikachangwa na watu na taasisi za mji. Wapinzani walikuwepo, tena wakali. Gerald Ford, mbunge wa mji huo wakati ule na rais baadaye, alikiri bungeni kwamba hapo awali hakujua Calder ni kitu gani. Leo umbo hilo limo kwenye nembo ya mji na limechorwa ubavuni mwa malori ya taka. Tofauti kubwa na Manhattan ni mbili: wenyeji walikuwa wametia shilingi yao ndani, na kitu chenyewe kina miguu unayopita katikati yake. Hakimfungii mtu njia.

Sasa hiyo pua

Agosti 2024, Eldoret ilipokuwa ikijiandaa kupewa hadhi ya jiji, sanamu za wanariadha zilisimamishwa mjini, zikachekwa mtandaoni mpaka zikaondolewa. Februari mwaka huohuo sanamu ya Mwalimu Nyerere ilizinduliwa kwenye makao ya Umoja wa Afrika, Addis Ababa, na Watanzania wengi wakasema hawamwoni Mwalimu pale. Sizungumzii mkono wa msanii yeyote kati ya hao. Nataka kueleza tu namna sura inavyopotea, kwa sababu hupotea kwa hatua zinazojulikana.

Msanii hupewa picha moja, ya mbele, iliyokatwa gazetini. Hana ubavu, hana kisogo, hajui mtu huyo alikuwa na shingo fupi au ndefu. Anatengeneza modeli ya sentimita 40. Modeli inapitishwa na kamati kwa kutazama picha zake kwenye simu. Kisha inakuzwa hadi mita 2.4, yaani mara sita. Kosa la milimita mbili kwenye mzizi wa pua, ambalo kwenye modeli hakuna jicho lingelikamata, sasa ni milimita 12. Ongeza egemeo la mita mbili chini ya nyayo: unamtazama mtu kutoka chini, kidevu kinakuwa kikubwa, paji linakimbia, kichwa kizima kinaonekana kidogo. Mafundi wenye uzoefu hukikuza kichwa kidogo na kukiinamisha mbele ili kufidia. Asiye na uzoefu hukopi vipimo vya kweli, na vipimo vya kweli huko juu vinadanganya.

Dawa yake ni kupitisha udongo. Sanamu ya ukubwa kamili ikiwa bado udongo wa mfinyanzi, kurekebisha shavu ni kazi ya asubuhi moja. Kalibu likishatengenezwa, ni kazi ya mwezi. Bronzi ikishamiminwa, ni kukata na kuchomelea upya. Kwa hiyo mkataba useme wazi: ndugu wa marehemu au watu wanaomjua, kamati na mhandisi watatia sahihi mbele ya udongo wenyewe, ulionyanyuliwa kwenye kimo utakaosimama, si mbele ya picha. Malipo yafuate hatua hizo. Mgao unaofaa ni asilimia 30 wakati wa kusaini, 30 udongo ukipita, 30 sanamu ikisimama, na 10 zinazozuiliwa mpaka mvua za mwaka mmoja zipite.

Lakini kosa kubwa zaidi liko kwenye zabuni. Sanamu hununuliwa kama kalavati: inatangazwa kama kazi ya ujenzi, inachukuliwa na mwenye bei ya chini kabisa, ambaye ni mwanakandarasi wa barabara, naye anamtafuta fundi wa mabango ampe robo ya pesa. Msanii anayejua kazi hata hakuomba, kwa sababu tangazo lilidai uwe na greda. Njia iliyo bora ni ya hatua mbili. Tangaza wazo na mahali, chagua watatu, walipe kila mmoja kiasi kidogo cha kutengeneza modeli na bajeti, kisha uchague mmoja kwa alama ambazo bei si nyingi ndani yake. Wale wawili walioshindwa wanabaki na malipo yao ya modeli. Kamati isiyotaka kulipia modeli inaambiwa mapema kwamba itapata modeli za bure.

Shaba, faiba, zege na chumvi

Wananchi wengi huambiwa sanamu ni ya shaba. Beba sumaku ndogo. Bronzi haivuti sumaku. Kisha igonge goti kwa funguo: bronzi inalia kama kengele iliyoshikwa, faiba inalia kama ndoo. Faiba hutiwa unga wa shaba kwenye tabaka la juu au kupakwa rangi tu, na ikiwa mpya inadanganya vizuri. Hesabu ya uzito nayo husaidia. Mtu wa mita 2.4 aliyevaa koti ana eneo la juu la mita za mraba nne hivi. Bronzi humiminwa kwa unene wa milimita tano. Hiyo ni karibu kilo 175 bila vyuma vya ndani. Vijana wawili wakiishusha kwenye pikapu huku wakicheka, si bronzi.

Si kwamba faiba ni haramu. Ni nyepesi, ni nafuu, na kwa kitu cha kukaa miaka kumi inatosha, mradi bei iwe ya faiba. Inahitaji tabaka tatu au nne za mkeka wa gramu 450 kwa mita ya mraba, na kigumishi kisizidi asilimia mbili ya resini. Mchana wa Pwani, resini iliyotiwa kigumishi kingi huganda ndoo ikiwa bado mkononi, fundi anaharakisha, na nyufa zinazaliwa humo. Mahali inapovunjikia ni kwenye vifundo vya miguu. Maji huingia kupitia ufa wa begani, hushuka ndani, hukaa miguuni na kulila fremu la chuma. Matundu mawili ya milimita kumi chini ya nyayo yangeyatoa. Mara nyingi huwa hayapo. Na rangi ya kawaida ya ukutani juu ya faiba, kwa jua letu, huanza kubanduka kabla ya uchaguzi unaofuata.

Zege lina ugonjwa wake, nao ni mchanga wa bahari. Chumvi iliyo ndani yake huziamsha nondo. Kutu ikivimba, mkono wa shujaa unadondoka. Tumia mchanga wa mto, na nondo zifunikwe na angalau sentimita nne za zege kila upande. Vidole vyembamba visijaribiwe kwa zege kabisa.

Kuhusu chuma cha Cor-Ten, kile alichotumia Serra: kinaota kutu ya juu ambayo inageuka ngozi na kuzuia kutu ya ndani. Sanamu ya Picasso iliyoko Chicago, ya mwaka 1967, mita 15 na tani 147 hivi, imetengenezwa nacho, nayo iko salama kando ya ziwa lisilo na chumvi. Ngozi hiyo inataka kulowa na kukauka, kulowa na kukauka. Hewa ya bahari hairuhusu. Chumvi inaizuia isijifunge, na chuma kinaendelea kuliwa. Msanii akikuletea pendekezo la Cor-Ten kwa ufuo wa Mombasa au Dar es Salaam, mrudishe. Hata bara, kumbuka miaka ya mwanzo maji ya kutu hushuka na kuchora sakafu rangi ya chungwa. Weka kokoto chini yake, si vigae vyeupe.

Bolti ni kitu kidogo kinachoangusha kikubwa. Bronzi na chuma cha kawaida vikigusana penye unyevu, chuma ndicho kinacholiwa. Sanamu itaonekana nzima huku kilichoishikilia kimebaki unga. Bolti ziwe za chuma kisichoshika kutu, daraja la 316 kwa mji wa pwani, na kati yake na bronzi kuwe na washa za nailoni. Ingiza bolti zege likiwa bichi, kwa kutumia kiolezo cha plaiwudi chenye matundu yaliyopimwa kwenye sanamu yenyewe, si kwenye mchoro.

Sabuni

Bronzi ya mjini inataka kuoshwa mara moja kwa mwaka, na pwani mara mbili. Watu wawili, ngazi, nusu siku. Ondoa kwanza kinyesi cha ndege kwa kukilowesha, si kwa kukikwangua. Osha kwa maji yasiyo na chumvi na sabuni laini isiyo na blichi, kwa brashi ya manyoya. Brashi ya waya marufuku, nayo ndiyo ya kwanza kuletwa. Suuza hadi povu liishe kabisa kwenye mikunjo ya nguo. Iache ikauke juani mpaka chuma kiwe vuguvugu, kisha paka nta kwa tabaka jembamba, subiri, sugua kwa kitambaa cha pamba. Nta ndiyo inayopokea mvua, moshi na vidole vya watu badala ya chuma. Madoa ya kijani yenye unga yanayorudi palepale baada ya kuoshwa ni chumvi iliyoingia ndani. Hapo sabuni imeshindwa na anahitajika mtaalamu.

Dawa ya kung'arishia shaba isiguse sanamu. Inaondoa rangi ya juu ambayo msanii aliichoma kwa moto na kemikali, na kuacha mabaka. Wala usipake rangi ya dhahabu kwa sababu Mashujaa Dei imefika. Rangi juu ya bronzi hufungia unyevu, na kuibandua hugharimu kuliko miaka kumi ya nta.

Haya yote, jinsi ya kuosha, nani ataosha na kwa fungu lipi, yaandikwe kwenye karatasi moja ambayo msanii anaikabidhi pamoja na sanamu. Karatasi hiyo ndiyo iwe sharti la ile asilimia 10 ya mwisho.

Lini useme

Kama uko kwenye kaunti ya Kenya na umesikia fununu ya sanamu, usingoje kitambaa. Kifungu cha 201 cha Katiba kinataka umma ushirikishwe katika mambo ya fedha, na kalenda inajulikana. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa kwenye bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba. Hapo ndipo unauliza kama sanamu ni ya lazima na imekaa mstari gani. Waraka wa sera ya fedha huja kufikia tarehe 28 Februari, uliza kiasi. Makadirio ya bajeti huwa tarehe 30 Aprili. Uliza kama kuna mstari wa pili, wa matunzo, kwenye fungu la matumizi ya kawaida. Nenda na maswali yaliyoandikwa na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri. Ukija Juni, unakuja kupiga picha.

Na uulize kuhusu kuondoa, swali ambalo hakuna anayelipenda. Dar es Salaam ina askari wa shaba wa mwaka 1927 ambaye watu bado wanamwita Bismini, jina linaloelezwa kuwa limetokana na Wissmann, gavana wa Kijerumani aliyekuwa na sanamu yake mjini humo kabla Waingereza hawajaiondoa. Sanamu huondoka. Mkataba mzuri una kifungu kinachosema itaondolewa kwa sababu zipi, nani ataamua, msanii ataarifiwa siku ngapi kabla (90 ni nyingi za kutosha), atapewa nafasi ya kuinunua au kuichukua, na kreni italipwa na nani. New York walikadiria dola 35,000 za kuing'oa Tilted Arc na 50,000 nyingine za kuisimamisha kwingine. Hizo za pili hazikutumika. Uwanja uliwekewa mabenchi na vyungu vya maua, kisha miaka ya 1990 ukasanifiwa upya na Martha Schwartz, kwa mabenchi ya kijani yanayojikunja kama nyoka, nayo baadaye yakaondolewa. Serra, aliyefariki Machi 2024, hakutaka kazi yake ionyeshwe popote pengine. Vile vipande vitatu vilipelekwa ghalani, na ghala ni la serikali.